Re: Re: RTD (hati ya kusafiria ya mkimbizi) na safari ya vijana kwenda kwa wakata miwa, Jamhuri ya Dominika

Mama Baraka (Louisville) aliandika:

Bandugu, salamu kwenu wote. Niko na shida ya karatasi na safari ni mwezi wa pili.

Kanisa letu linapeleka vijana Jamhuri ya Dominika, upande wa La Romana, wakasaidie kliniki na kutengeneza choo cha shule kwenye batey, zile kambi wanamokaa Wahaiti wanaokata miwa. Baraka yumo kwenye orodha, nusu ya pesa tumeshalipa. Wenzake wote wana pasipoti ya Marekani. Yeye ana GC (green card, kadi ya ukaazi wa Marekani) na RTD. Alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, pasipoti ya Kongo hana na sitaki kumtafutia.

Wiki hii nimeenda ofisi moja ya visa, jina silitaji. Yule dada wa dirishani akaifungua RTD, akaigeuza, akaenda nayo nyuma kumwonyesha mwenzake, akarudi: "Hii si pasipoti." Nikamwambia ni kweli, ndiyo maana inaitwa RTD. Akasema nilete pasipoti. Wakala wa tikiti naye anasema mwenye GC hahitaji visa, aende tu.

Nimsikilize nani? Kuna aliyeingia kule na RTD? Naomba jibu la aliyepita, si la aliyesikia.

Baba Asha (Columbus):

Wakala yuko sahihi. Mwenye GC anaingia bila visa, ile kadi ya utalii siku hizi imo ndani ya bei ya tikiti. Mnajaza e-ticket, fomu ya serikali ya kule, mtandaoni, ya kuingia na ya kutoka, basi. Sisi tulipita Punta Cana familia nzima, pasipoti za Tanzania na GC, afisa hakuinua hata macho. Msihangaike na dirisha la mtu.

Da Rehema (Minneapolis):

Baba Asha, soma swali kwanza ndipo ujibu. Wewe ulikuwa na pasipoti ya Tanzania MKONONI. Mama Baraka anasema mtoto hana pasipoti ya nchi yoyote. GC juu ya pasipoti ni jambo moja, GC juu ya RTD ni jambo jingine.

Na atakayemzuia huenda asiwe afisa wa kule. Ni kaunta ya ndege huku huku. Wanafungua Timatic, mfumo wao wa masharti ya kuingia kila nchi, wakiona utata hawampandishi, maana akirudishwa gharama ni yao. Mama Baraka, iandikie kampuni ya ndege, wakujibu kwa maandishi, uichapishe. Angalia pia tarehe ya mwisho ya RTD, inaishi mwaka mmoja tu, na I-131 mpya, fomu ya kuiomba, haina haraka na safari ya mtu. Barua ya ridhaa ya mzazi ipite kwa notary.

Mjomba wa Kidatu (Houston):

Mama, mbona mnazunguka? Wewe ukiapa uraia wa Marekani kabla Baraka hajafikisha 18, naye anakuwa raia siku hiyo hiyo, sheria ipo tangu 2001. Peleka N-400, fomu ya kuomba uraia. Ikishatoka unamjazia N-600 ya kuomba cheti cha uraia cha mtoto, ukipata cheti ndipo unaomba pasipoti. Ila lazima uwe umetimiza miaka 5 na GC.

Batey mnayoisema imenikumbusha nyumbani. Sisi watoto wa Kilombero tumekulia ndani ya miwa. Jioni wanachoma shamba, usiku kucha majivu yanashuka, asubuhi mama anakuta shuka alizoanika zina michirizi myeusi na anafua upya huku anatukana kiwanda. Wakata miwa walikuja msimu kwa msimu kutoka Songea, Njombe, Mbeya, wanalala kambini, panga na sufuria moja. Wazee waliwaita manamba bado, ingawa manamba wa mkonge walikwisha zamani.

Da Rehema:

Mjomba, shikamoo, lakini unampoteza mama wa watu. Moja, N-600 si lazima. Mama akishaapa, mtoto mwenye GC anayeishi naye anaombewa pasipoti moja kwa moja kwa fomu ya pasipoti DS-11, na cheti cha uraia cha mama, cheti cha kuzaliwa na GC. Pili, aliyeingia kama mkimbizi haanzi kuhesabu siku GC ilipotoka. Inarudishwa nyuma mpaka siku aliyotua Marekani. Mwaka mzima mnaupoteza kwa sababu ya ushauri wa namna hii.

Mjomba wa Kidatu:

Marahaba. Mimi nilijaza N-600 ya binti yangu na tulipata. Kwa hiyo sikukosea.

Da Rehema:

Hukukosea, ulilipa bure.

Mama Baraka:

Asanti, lakini sijaapa bado. Maswali ya historia nayajua, kusoma Kiingereza ndiko kunakonitisha. Na safari ni mwezi wa pili, N-400 haitafika. Narudi kwa RTD.

Nesi wa Dallas:

Sijui RTD, mimi nilienda na pasipoti ya Marekani. Ila kwa hizo batey nimefika na timu ya matibabu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kazi yangu ilikuwa presha na sukari. Mzee mmoja, mkata miwa tangu ujana, hakuweza kuunyoosha mkono. Vidole vimejikunja kwenye umbo la mpini wa panga. Nikajaribu kumchoma ncha ya kidole, sindano ikagonga sugu, damu haikutoka. Tukachoma sikio. Anapima sukari kwenye sikio mtu aliyeikata maisha yake yote. Wanalipwa kwa tani, mzani uko mbali, mkataji hayupo wakati mzigo wake unapimwa. Wazee kama yeye wanakwenda mpaka Santo Domingo kuandamana, wanadai pensheni walizokatwa kwenye mshahara.

Kibaya zaidi ni karatasi. Kuanzia 1952 serikali za Haiti na Dominika zilisaini mikataba ya kuwaleta hawa Wahaiti, halafu 2013 Mahakama ya Katiba ya Dominika ikatoa hukumu namba 168-13: aliyezaliwa kule tangu 1929 na wazazi wasio na ukaazi halali si raia. Sheria ya 2014 ilirudisha baadhi, wengi wamebaki hewani. Mtoto anaongea Kihispania kuliko baba yake, akifika sekondari anadaiwa cheti hana. Mama Baraka, wewe wa Nyarugusu utawaelewa kuliko kiongozi yeyote wa msafara.

Tangu Oktoba 2024 serikali ilipotangaza kurudisha hadi watu 10,000 kwa wiki, likisikika lori la Uhamiaji, foleni ya kliniki inayeyuka. Wanakimbilia ndani ya miwa. Na ngozi yetu ndiyo hiyo hiyo. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari kwamba Wamarekani weusi wanasimamishwa wakidhaniwa Wahaiti. Baraka asitoke nje bila karatasi zake, na asitoke peke yake.

Fulana za kanisa acheni. Ulizeni kliniki inataka dawa gani za presha.

Baba Asha:

Kwa nauli ya kijana mmoja si wangejenga vyoo vitatu kwa mafundi wa kule kule? Vijana wanapaka rangi ukuta, wanapiga picha, wanarudi. Marekani yenyewe Novemba 2022 ilizuia sukari ya Central Romana, kampuni kubwa ya miwa ya kule, kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa, Machi 2025 ikaruhusu tena. Choo ndicho kitakachowasaidia?

Nesi wa Dallas:

Choo kinasaidia sana ukiwa huna choo, Baba Asha.

Mwana Mumias (Atlanta):

Hiyo maneno ya Haiti inaniuma. Polisi wetu wa Kenya walitua Port-au-Prince Juni 2024, wengine wamerudi kwa jeneza, halafu Septemba 2025 Baraza la Usalama la UN likabadilisha jina la kikosi na kuidhinisha kikubwa zaidi. Tulienda kulinda Wahaiti kwao, ng'ambo ya mpaka wanabebwa kwa malori. Na sisi wenyewe? Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliingia mikononi mwa mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoshindwa madeni, 2019, wakulima wakang'oa miwa wakapanda mahindi. Baba alipeleka miwa kiwandani na akangoja malipo mpaka akaacha kuuliza. Ati serikali inafufua. Kila kampeni inafufua!

Mjomba wa Kidatu:

Afadhali nyinyi mliokuwa na malipo ya kungoja. Mkulima wa nje kwetu, anayelima shamba lake na kuuzia kiwanda, anaambiwa miwa yako haina utamu, na kipimo cha utamu anacho mnunuzi.

Msimamizi wa orodha:

Ndugu, siasa za Kenya na Haiti zihamie kwenye uzi wake. Huu ni wa karatasi za safari.

Mwana Mumias:

Msimamizi, uzi wa siasa uliufunga wewe mwenyewe baada ya uchaguzi wa Tanzania. Ufungue basi, nihamie.