Mtoto wa mbwa aina ya Boerboel, wiki 10: nimfungie bandani au nitoke naye?

Mkazi_wa_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, heshima kwenu. Jamaa yangu wa Dar kanizawadia dume la Boerboel. Ana wiki 10, na jana tumempima kwenye mizani ya jirani muuza mahindi: kilo 12! Anang'ata visigino vya mwanangu, kanga ya mama watoto imeshachanika pindo, lakini bodaboda ikipita anajikojolea. Mzee mmoja hapa mtaani anasema nimfungie bandani asione mtu, nimtoe usiku tu, ndiyo atakuwa mkali. Kuna jambo jingine: watoto wa madrasa hupita getini kwangu kila alasiri, na sitaki awalambe kanzu zao. Nifanyeje?

Kamanda_Gungu
Mfungie. Mbwa akizoea watu anakuwa pambo la uani.

MamaPacha_Ipuli (Tabora)
Kaka, mzee huyo ana pacha wake huku Tabora, na mimi nilimsikiliza. Shepadi wangu wa kwanza nilimfungia tangu mdogo. Mwizi alipoingia, mbwa tulimkuta amejikunyata nyuma ya tangi la maji. Mwezi uliofuata akamng'ata binti wa dada yangu aliyekuja na mwavuli umefunguliwa. Hakuwahi kuona mwavuli maishani mwake! Mtoto akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na shemeji mpaka leo hanywi hata maji kwangu.

Kipindi cha mbwa kuizoea dunia ni wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Wako kabakiza mwezi mmoja, usimmalizie bandani.

Wa pili nilimbeba kwenye kikapu hadi karibu na stesheni, tukakaa chini ya mwembe mbali kidogo na reli. Honi ikilia, nampa kipande cha nyama. Akila, sawa. Akikataa kula, ujue umemsogeza karibu mno, rudi nyuma hatua ishirini, usimlazimishe wala usimcheke. Siku ya nne alisikia honi akanigeukia mimi, anadai nyama yake.

Na hao wa madrasa si lazima wamguse. Awaone wakipita, ale, basi. Sambamba na hilo mfundishe kukaa kitako kabla hujampa chochote, hata bakuli lake la ugali. Leo akikurukia unacheka. Akipita kilo 60 utamzuia na nini?

Akikung'ata usimpige kofi la pua. Nyamaza, simama kama nguzo, mchezo umeisha. Kisha mpe jinzi kuukuu uliyoifunga fundo. Atapunguza kung'ata akishabadilisha meno ya utotoni, miezi 6 hivi, kwa hiyo kanga ianikwe juu.

Daktari_wa_Ng'ombe
Naongezea la kitaalamu. Mpaka amalize chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, mbebe. Usimshushe sokoni wala Kibirizi ambako mbwa koko wanajisaidia. Parvo hukaa udongoni miezi mingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi 3.

Dagaa ni wazuri kama zawadi, wasiwe wa chumvi. Ila usimchanganyie unga wa mifupa ule wa kuku ukidhani unamjenga. Mbwa mkubwa akizidishiwa kalsiamu, mifupa hukua vibaya na miguu hupinda. Na asiruke kutoka kwenye pikapu. Viungo vyake havijakomaa mpaka mwaka na nusu.

Mkazi_wa_Mwanga (Kigoma)
Asanteni sana. Leo saa kumi nimekaa naye kwenye benchi, geti nusu wazi. Watoto wamepita, mmoja kapiga kelele "simba huyo!" Jamaa kala dagaa saba. Wa nane kamkataa, bodaboda isiyo na ekzosi ilikuwa inapanda kilima. Nikarudi naye hadi chini ya mchikichi, akamla.

Mzee kapita jioni kuuliza banda linajengwa lini.