Tupeane uzoefu: kitabu chako kilikwama wapi, na nini kilikurudisha?

Muuguzi wa Zamu (mwenye uzi)

Habari zenu wana kalamu. Wiki iliyopita nimeweka nukta ya mwisho kwenye riwaya yangu. Niliianza Mei 2014. Najua wengi humu mna miswada imelala kwenye begi, kwenye flashi au kwenye simu, kwa hiyo naomba tusimuliane: ulikwama wapi, ulikaa muda gani bila kuandika, na nini kilikurudisha. Nadharia tuziache kwanza. Nataka yaliyokukuta wewe. Naanza mimi.

Nipo Morogoro, ni muuguzi. Huwa naandika kwa mkono kwenye kaunta-buku, halafu nachapisha stesheneri. Kaunta-buku ya kwanza ilijaa ndani ya miezi minne, nilikuwa naamka na maneno mdomoni. Ya pili ikachukua zaidi ya mwaka. Ya tatu ikasuasua mpaka ukurasa wa 41. Hapo mhusika wangu, binti aliyetoroka kwao Kondoa, alikuwa amekaa juu ya begi lake stendi ya Ubungo saa kumi na moja alfajiri, anasubiri basi la kumrudisha nyumbani. Sikujua kama apande au asipande. Nikafunga daftari, nikasema nitaendelea Jumamosi. Ilikuwa Septemba 2018.

Nilipolifungua tena ilikuwa Machi 2021. Katikati hapo nilijifungua mtoto wa pili, mama akaugua nikamuuguza hadi akasimama, na zamu za usiku hazikupungua. Lakini niwe mkweli kwenu: shughuli zilinizuia miezi kama sita tu. Iliyobaki yote ilikuwa aibu. Daftari lilikuwa juu ya kabati, na kila nikipita nageuza uso. Waliokuwa wakiniuliza "kitabu kimefikia wapi?" nikaanza kuwakwepa, hata rafiki yangu wa chuo ambaye alikuwa anauliza kwa mapenzi tu.

Mwezi huo wa Machi nilikwenda Dar. Basi likatushushia Mbezi, kituo kipya. Nikamuuliza konda, na Ubungo je? Akanijibu stendi imehama dada, hauna habari? Nikasimama pale na mtoto mgongoni, nikamkumbuka yule binti. Stendi nzima imehama, mabasi yote yameondoka, yeye nimemwacha amekaa juu ya begi. Nilijisikia kama nimemtelekeza mgonjwa wodini. Niliporudi nyumbani nikashusha daftari, nikafuta vumbi, nikaandika sentensi moja: "Konda akamwambia, dada, amua, siti ni moja." Usiku ule ikawa hiyo tu. Kesho yake zikawa tano.

Toka siku hiyo nina mpango wangu: nusu ukurasa siku ya kazi, ukurasa mmoja siku ya mapumziko, mezani jikoni kabla watoto hawajaamka. Kingine ni kwamba nilijikataza kurudi nyuma. Sura ya kwanza nilishaiandika upya mara sita, sura ya kumi haijazaliwa. Nikaona huku ni kupiga deki sebule ya nyumba isiyoezekwa.

Karibuni.

Simulizi za Kirumba

Dada hongera sana, umenigusa kwenye kidonda.

Mimi ni wa Mwanza, naandika simulizi za WhatsApp. Wasiojua kazi hii ni hivi: unaandika sehemu, unaitupa kwenye kundi, msomaji analipia kidogo ili apate zinazofuata. Ukichelewa siku mbili tu unakuta meseji arobaini, "kaka muendelezo", "tunaomba sehemu ya 35 jamani". Kwa hiyo kukwama kwa kukosa msukumo sikujui. Wasomaji hawakupi nafasi ya kukwama.

Mimi nilikwama mwisho. Simulizi ilifika sehemu ya 87 haina dalili ya kuisha, kwa sababu kila nikitaka kuifunga watu wanalia, nami naongeza adui mwingine, mtoto wa nje mwingine, ajali nyingine. Nikaamua niifanye kitabu cha kushikika, nikae niipunguze, niipe mwisho. Wiki hiyohiyo nikaibiwa simu kwenye daladala. Sehemu zote 87 zilikuwa mle, sikuwa nimezihifadhi popote.

Siku tatu sikula vizuri. Nikakopa simu ya shemeji, nikaandika kwenye kundi kwamba ndugu zangu, hadithi imepotea. Mama mmoja muuza dagaa pale mwaloni akajibu: mwanangu, mimi nazo zote, huwa sifuti. Akaanza kunitumia moja moja, kuanzia ya kwanza, anapumzika kuhudumia wateja halafu anaendelea. Alimaliza saa nne usiku. Ya 52 ilikuwa imekatika katikati, mwingine akanitumia.

Sasa niambieni, baada ya hapo ningeachaje? Nilichukua miezi 11 kupunguza sehemu 87 zikawa sura 24. Nilifuta maadui wawili niliowapenda. Mwisho nikauandika siku ya Idi, nikampelekea yule mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Akanipigia, akawa analia kwenye simu, akasema "umemuua kweli?" Nikasema ndiyo mama, ndiyo mwisho wake.

Na tafadhali wote humu: jitumieni mswada kwenye barua pepe kila Ijumaa.

Mwalimu wa Nakuru

Kisa cha simu kimenikumbusha jambo ninalowaambia wanafunzi wangu. Mwandishi wetu wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alikamatwa Desemba 31, 1977 akazuiliwa gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Hakuwa na karatasi. Akaandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni za gereza. Mwenyewe ameeleza kwamba zilikuwa ngumu, za kumtesa mfungwa, ila kwa kalamu zilifaa. Askari walipopekua seli wakazichukua. Fikirieni, kazi ya miezi, hakuna nakala nyingine duniani. Alirudishiwa baada ya wiki tatu hivi, akaendelea pale alipoachia. Kitabu kilitoka 1980.

Sisemi hivi ili mtu ajione mvivu. Nasema kwa sababu mimi nilikuwa na kisingizio cha laptopu. Ilikufa 2019, na kwa mwaka mzima kila mtu alipouliza nilijibu "nangoja ninunue laptopu". Nilikuwa na chaki, nilikuwa na madaftari ya mazoezi ya shule, nyuma ya kila karatasi ya mtihani wa zamani kulikuwa na nafasi nyeupe. Siku niliyokubali kwamba sina tatizo la laptopu, nilichukua bunda la karatasi za mtihani wa muhula uliopita, nikageuza, nikaanza. Tamthilia yangu yote iko nyuma ya maswali ya sarufi. Nimeshaimaliza, sasa inasomwa na wenzangu wawili wa idara.

Baharini Zamani

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Mombasa, umri wangu 71, nalifundisha miaka mingi kabla ya kustaafu. Wajukuu ndio walionionyesha namna ya kuandika hapa, mnisamehe nikikosea.

Kitabu changu si riwaya. Naandika maneno ya jahazi. Baba yangu alikuwa baharia, akisafiri na kaskazi na kusi, na nyumbani tulilelewa kwa maneno yake: foromali, mlingoti, demani, joshini. Leo kijana wa hapa pwani ukimwambia "pita upande wa joshini", yaani upande upepo unakotoka, atakuangalia tu. Nikasema maneno haya yasifukiwe pamoja na sisi. Nilianza 2009, na karibu maneno 900 nimeyakusanya, kila neno na kisa cha mzee aliyenambia.

Kukwama kwangu ni kwingine kabisa. Wazee wangu wanakufa. Nilikuwa na manahodha watatu niliokuwa nikiwaendea. Wa kwanza alifariki nikiwa herufi ya F. Wa pili alifariki nikiwa M. Alipokwenda wa tatu nilirudi kutoka maziarani, nikatia makaratasi kwenye sanduku nikalifunga. Nikaona nimechelewa, kazi hii ilikuwa ya mtu mwenye miguu ya ujana. Nilikaa hivyo tangu Ramadhani hadi Ramadhani.

Kilichonirudisha ni mjane wa yule nahodha wa tatu. Alinitumia kijana wake na mfuko wa nailoni. Ndani mna daftari la marehemu, kurasa kumi na nne, mkono wa kutetemeka, kwa hati za Kiarabu. Alikuwa akiniandikia maneno aliyosahau kunambia tulipokuwa pamoja. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, haoni vizuri, lakini kila lilipomjia neno aliliandika. Neno la mwisho hakulimaliza, herufi tatu tu.

Tangu siku ile, nikisha kusali alfajiri nakaa barazani mpaka jua lipande, neno moja kwa siku. Hata nikiwa na homa.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mzee wetu. Nimesoma zile herufi tatu mara mbili nikashindwa kuendelea. Mungu akupe afya.

Baharini Zamani

Marahaba mwanangu.

Fundi Umeme Njiro

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu, kwa heshima. Mimi niliacha vitabu viwili na sijuti. Cha kwanza nilikuwa namuiga mwandishi niliyempenda, kila ukurasa ulikuwa wake. Cha pili nilikuwa nalipiza kisasi kwa mtu. Nilipambana nacho miaka mitatu kwa sababu nilisikia kila mahali "usikate tamaa", na kila nikiandika naamka na hasira zaidi. Nilipokiacha nilipata usingizi. Cha tatu, kuhusu mafundi wa mitaani, kilinichukua miezi 19 na nimekimaliza. Kwa hiyo ungeniuliza, ningesema jiulize kwanza kama kitabu kikilala unakikumbuka kwa upendo kama dada alivyomkumbuka yule binti wa Ubungo. Kama humkumbuki mtu yeyote mle ndani, labda muache apumzike.

Muuguzi wa Zamu

Kaka hapo nakubaliana nawe kabisa, na nimefurahi umelisema. Niongeze la kwangu ambalo mwanzoni sikuliandika. Rasimu ilipoisha nilipeleka kwa mchapishaji mmoja. Miezi 14 kimya. Nikaenda mwenyewe, wakanirudishia bahasha, haijafunguliwa. Gundi yangu ilikuwa bado imeshika. Nililia kwenye daladala bila kujificha. Halafu nikaona, basi, kama hawajaisoma basi hawajaikataa. Nikaisoma upya mimi, nikaona makosa mengi ambayo kwa kweli namshukuru Mungu hakuna aliyeyaona, nikaandika rasimu nyingine toka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo niliyoimaliza wiki iliyopita. Ni nzuri kuliko ile, najua.

Kidato cha Mwisho

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina miaka 22, nina sura nne. Kazini natoka saa moja jioni, naenda rudi na daladala mbili, nikifika nimechoka. Naona kama waandishi ni watu wenye muda. Nifanyeje?

Mwalimu wa Nakuru

Marahaba. Shaaban Robert unayemsoma shuleni alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akawa karani ofisi nyingine mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Mashairi na hadithi zote zile ziliandikwa na mtu aliyekuwa na bosi na saa za kuingia kazini. Hakuwa na muda kuliko wewe.

Simulizi za Kirumba

Mdogo wangu, daladala mbili hizo ndiyo ofisi yako. Mimi sura sita nimeandika kwenye foleni, kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika bomba. Ukishindwa kuandika, jirekodi kwa sauti ya chini, ukifika unasikiliza unaandika. Ila simu iweke mfuko wa mbele!

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, usianze na ukurasa. Anza na sentensi. Mimi usiku ule ilikuwa moja tu, na ile sentensi ya konda bado ipo kwenye kitabu, sikuigusa hata koma. Tuambie sura ya nne imeishia wapi?

Kidato cha Mwisho

Imeishia baba anagonga mlango na mtoto hataki kumfungulia. Ni wiki ya saba sasa anagonga.

Muuguzi wa Zamu

Na mtoto yuko wapi? Amesimama, amekaa?

Kidato cha Mwisho

Amekaa chini, mgongo kwenye mlango. Anahisi kila pigo mgongoni. Dada, hilo sikuwa nimeliandika. Ngoja kwanza.

Baharini Zamani

Wanangu, nami niwape habari. Leo baada ya Laasiri nimepita Kibokoni. Nimeambiwa yuko mzee mmoja aliyekuwa akishona matanga, miaka 88, masikio mazito lakini akili timamu. Amenambia nije Jumamosi, nisije mikono mitupu, nije na kahawa na halua. Niko herufi ya T.