Goti linauma kushuka Mweka, kupanda halisumbui: kwa nini?

Kibosho Juu:
Wakuu salaam. Wenye elimu ya viungo naomba msaada. Wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wanapanda njia ya Machame na kilo 20 bila kulalamika, lakini wakitoka kambi ya Barafu kushuka njia ya Mweka magoti yanawaka moto. Vijiweni Moshi mjini jibu ni moja: "ute umekauka, kula bamia na supu ya kongoro." Je, ni kweli? Ndani ya goti kuna nini hasa, na kushuka kunaliumizaje?

Mpasua Nyama:
Mkuu, anzia buchani. Omba mguu wa nyuma wa mbuzi ukiwa na kiungo cha juu, pale paja linapokutana na muundi. Kile cha chini kilichochongoka kwa nyuma watu hukiita goti, kumbe ndicho kisigino chake.

Chana mfuko wa kiungo taratibu. Kitakachotoka kwanza ni ute: ukiushika kwa gumba na shahada unavutika kama uzi. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu jeupe linaloteleza. Kati ya mifupa kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo; hizo ndizo meniskasi, zinatawanya uzito. Katikati utakuta ligamenti mbili zilizopishana, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa; zinazuia muundi usichomoke mbele wala nyuma. Kwa mbele kuna kilegesambwa, kile kifupa cha duara; kimeshikwa ndani ya kano (kamba inayounganisha misuli na mfupa) ya misuli ya paja na kinateleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja. Goti lako limeundwa hivyo hivyo.

Sasa kushuka. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajifupisha kukuinua. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo inakaza huku inavutwa kurefuka; ndiyo breki yako. Goti limekunjika, mwili wote uko juu ya mguu mmoja, na kano inakikandamiza kilegesambwa kwenye mfereji wake. Kwenye ngazi za kushuka mkandamizo huo unakadiriwa kufika kama mara tatu ya uzito wa mwili. Weka na mzigo. Kutoka Barafu, zaidi ya mita 4,600, hadi geti la Mweka, takriban mita 1,640, ni karibu mita 3,000 za kufunga breki. Misuli ikichoka, kishindo kinapokewa na kiungo chenyewe.

Kuhusu ute: goti zima lina mililita chache tu, hazijazi kijiko cha chai. Unatengenezwa na utando wa ndani wa mfuko wa kiungo kutokana na damu. Mlenda wa bamia unameng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hauna njia ya kwenda gotini. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, mnywe tu. Tena goti likiumia mara nyingi ute huzidi, ndiyo maana linajaa.

Kibosho Juu:
Asante mkuu. Nilisoma mahali kwamba gegedu halina neva. Sasa kinachouma ni nini?

Mpasua Nyama:
Ni kweli halina neva, wala mishipa ya damu. Linalishwa na ute: likibanwa na kuachiwa linanyonya kama sponji. Kwa hiyo kulala kitandani wiki tatu hakulisaidii. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, ule utando, mto wa mafuta ulio nyuma ya kano, na kano yenyewe.

Fizio wa Sakina:
Mwambieni mgonjwa aonyeshe maumivu kwa kidole kimoja. Akizungusha kidole pembeni mwa kilegesambwa, na akikaa sana kwenye daladala linauma, ni mkandamizo alioueleza mwenzangu. Akigusa kano iliyo chini ya kilegesambwa, kano imeelemewa. Upande wa nje, juu kidogo ya kiungo, ni ule mkanda mrefu unaotoka nyongani. Huanza kuuma baada ya mwendo fulani, si hatua ya kwanza. Kwenye mstari wa kiungo, hasa goti likikwama na kukataa kunyooka, shuku meniskasi. Goti lililojipinda likavimba ndani ya saa mbili, mara nyingi ni damu, na huenda ligamenti imekatika. Likivimba kesho yake, ni ute.

Dawa ya breki ni kuzoesha breki. Laza tofali la inchi sita, simama juu yake kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu wa pili ukihesabu hadi nne, gusa chini, panda. Mara 10, raundi tatu, siku moja ndiyo, moja hapana. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Hapo ndipo wengi wanakosea, na chanzo ni nyonga legevu. Anza angalau wiki sita kabla ya msimu. Maumivu madogo yanayoisha kufikia asubuhi hayana neno, yakibaki, punguza.

Njiani: hatua fupi, goti lisinyooke kabisa mguu unapotua. Fimbo mbili, zirefushwe sentimita 5 hadi 10 kuliko za tambarare, zitangulie mguu.

Duka la Dawa Majengo:
Naongezea moja. Kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi ili ubebe mzigo hadi jioni ni hatari. Mwili umepungukiwa maji, dawa inabana damu ya figo, na mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutoka damu. Tena unazima kengele huku moto unaendelea.

Asiyeweza kupiga hatua nne, goti lililokwama, au lililojaa na kuwa la moto pamoja na homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hilo la homa halisubiri hata kesho. Bakteria wanakula gegedu ndani ya siku chache. Na eksirei ikitoka safi msiseme goti ni zima. Eksirei inaonyesha mifupa. Meniskasi na ligamenti hazionekani.

Kibosho Juu:
Nimeelewa. Swali la mwisho: anayeumwa goti moja, tofali afanye miguu yote?

Fizio wa Sakina:
Yote miwili, aanze na unaouma kabla hajachoka. Inchi sita zikimshinda, apunguze kimo.