Sprinti ya wiki mbili au tatu? Naombeni ushauri wakuu, timu inanishinda

Mshika Usukani (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Nimekabidhiwa kazi ya kuingiza ajaili (agile, yaani kujenga mradi kwa vipande vidogo vidogo na kurekebisha njiani) kwenye taasisi yetu, na mimi nimekulia kwenye miradi ya mtindo wa zamani: mpango kwanza, ujenzi baadaye, makabidhiano mwisho. Huu mwezi wa nne tunatumia skramu, mojawapo ya njia za ajaili, timu ya watu wanane, sprinti (kipindi kimoja cha kazi) ya wiki mbili. Pointi, yaani makadirio ya uzito wa kila kazi, zinapanda kila sprinti na bodi ya kazi inapendeza, ila kazi iliyokamilika ukiitafuta huioni. Kitu tulichokikadiria pointi 3 mwanzoni, leo kama hicho hicho kinapewa 8. Kikao cha asubuhi kinakwenda dakika hamsini, na kila anayeongea ananiangalia mimi. Kwenye kundi lao la WhatsApp wanakiita "kuripoti polisi".

Swali langu ni moja tu: sprinti iwe wiki tatu au nibaki na mbili? Usingizi sina.

Kobe Mwendo
Tatu. Uzi ufungwe.

Mwalimu wa Zamu
Rudini kwenye chimbuko kwanza. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakatoka na tamko la ajaili lenye tunu nne, na ya kwanza inawatanguliza watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana. Ninyi mmeanza na bodi na pointi, sasa mnashangaa watu hawaonekani. Halafu hizo pointi hazimo kabisa kwenye mwongozo rasmi wa skramu. Kikao cha asubuhi kimo, kimepewa dakika 15, na ni cha wajenzi kupangana kazi ya siku. Hakuna palipoandikwa bosi akae apokee taarifa.

Mama Nyundo
Sisi tuliletewa mkufunzi wa siku mbili, tukabandika vikaratasi vya rangi ukuta mzima. Usiku gundi ikaachia. Mfagizi alipoingia alfajiri akakuta takataka sakafuni, akazoa zote. Kazi za miezi sita zikaishia kwenye ndoo! Basi tukakaa, kila mtu akataja anachokikumbuka, na kilichosahaulika hakuna aliyekuja kukidai mpaka leo. Tangu hapo tuko na kanbani, yaani kuweka kikomo cha kazi zinazoendelea: kila mtu mwisho kazi mbili mkononi, hachukui ya tatu mpaka amalize moja. Samahani nimetoka nje ya mada.

Kobe Mwendo
Huyo mfagizi ndiye skramu masta pekee niliyewahi kumkubali.

Fundi Bila Vumbi
Mkuu, mambo ya wiki yaache kidogo. Pointi hizo nani anazisoma zaidi ya timu yenyewe?

Mshika Usukani
Ni za ndani tu. Mkurugenzi huwa anaomba muhtasari.

Fundi Bila Vumbi
Wa timu, au wa mtu mmoja mmoja?

Mshika Usukani
Mmoja mmoja. Lakini msiwe wepesi kunihukumu. Mikataba ya watu sita inaisha mwezi ujao na nafasi zilizobaki ni nne. Kipimo lazima kiwepo. Zamani alibaki anayeelewana na wakubwa, angalau namba haina mjomba. Na pointi timu nzima ilizikubali kwenye kikao cha kwanza.

Fundi Bila Vumbi
Walikubali kukadiria kazi, au walikubali kupimwa? Umempa mtu rula aichonge mwenyewe, halafu ukamwambia riziki yake inategemea urefu wake. Hiyo 3 kugeuka 8 si uvivu, wamepiga hesabu vizuri sana. Na nani atamsaidia mwenzake kumalizia kazi wakati pointi zinaandikwa jina la mwenzake? Nenda kaangalie bodi yako. Nadhani utakuta kila mmoja ana kazi tano zake peke yake, zote "zinakaribia".

Mshika Usukani
Nne. Mmoja tu ndiye ana sita.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu, mkataba wa mtu ni ada ya mtoto na dawa ya mzazi. Muogope Mungu.

Binti Kalamu
Mnapigwa wakuu. Someni tena bandiko la kwanza. Meneja gani anajua kikao chake kinaitwaje kwenye kundi ambalo yeye hayumo? Huyu ni mmoja wa wale wanane. Amevaa koti la bosi ili tumtukane bosi kwa niaba yake, kesho anapiga picha ya skrini anaisambaza.

Kobe Mwendo
Mimi nilishtuka mapema, ndiyo maana nikajibu kwa neno moja.

Mama Nyundo
Mwanangu, kama ni wewe ndiye mwenye mkataba unaoisha, pole sana. Ila sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

Mshika Usukani
Sijatunga. Mimi ndiye meneja. Kuna kijana kwenye timu huwa ananionyesha simu yake. Sikumtuma, alianza mwenyewe.

Binti Kalamu
Na kijana huyo kwenye pointi ni wa ngapi?

Mshika Usukani
Wa pili. Lakini anajituma.

Kobe Mwendo
Anajituma, tumeona.

Fundi Bila Vumbi
Haya, tuseme ni kweli. Safu ya majina ifute leo. Hesabu kitu kimoja tu: kilichokamilika na mtumiaji ameshakishika. Asubuhi usiende kikaoni wiki nzima, uone watatumia dakika ngapi bila wewe. Na kwa mkurugenzi nenda mwenyewe, mwambie pointi haziwezi kuchagua nani abaki, kama ni kuchagua kuwe na vigezo ambavyo watu wanavijua mapema. Hiyo orodha bado iko kwako?

Mshika Usukani
Nilimtumia Ijumaa. Ameshajibu, anasema imemsaidia sana, sasa anasubiri na ya sprinti inayoanza kesho ndipo aamue. Ndiyo maana niliuliza kama inaweza kuwa ya wiki tatu.