Re: OM wamerudisha fomu ya JP (tambi za karanga na kuku)

Dada wa Ghorofa ya Nne:

Wanajamvi, salaam.

OM (ofisi ya makazi) wamenirudishia fomu ya JP, ile ya kuomba kupika kwenye jiko la pamoja, asubuhi hii. Kipengele cha 4 niliandika "karanga" tu, wamegonga muhuri wa HAIJAKAMILIKA. Kipengele cha 6, joto la nyama, wamekizungushia wino mwekundu bila maelezo. Chakula ni tambi za mchuzi wa karanga na kuku, watu wanane, Jumamosi jioni.

Maswali mawili. Kipengele cha 4 kinataka kitu gani hasa kwa chakula hiki? Na fomu iliyorudishwa ikipelekwa tena, siku tano za kusubiri zinaanza upya au zinaendelea na zile za mwanzo? Leo ni Jumanne, kwa hiyo hili la pili ndilo zito.

Wanataka pia viungo kwa gramu. Mwenye vipimo vya uhakika naomba aviweke hapa.

Mama Sufuria:

Pole mwanangu. Vipimo hivi ni vya watu wanne, wewe zidisha mara mbili.

Tambi kavu za ngano gramu 320. Kuku asiye na mfupa gramu 500. Siagi ya karanga vijiko vikubwa vinane, sosi ya soya vijiko vikubwa vinne, maji ya ndimu viwili, sukari kimoja, tangawizi ya kukwaruza kimoja. Kitunguu saumu punje tatu, ziponde mpaka zilainike kabisa, maana hazipikwi na kipande kizima mdomoni kitakuwasha. Mafuta ya ufuta vijiko viwili vya chai. Pilipili kwa kadiri ya walaji. Maji ya moto, anza na nusu kikombe.

Bandika maji ya tambi kwanza kabla hujamenya chochote, kwa sababu ndiyo yanayochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chote. Yakiwa motoni, koroga mchuzi kwenye bakuli kubwa, bakuli lile lile utakalochanganyia mwishoni. Maji yakichemka tia tambi, na hapo hapo anza kukaanga kuku. Vyote viwili viishe pamoja. Ukifuata mpangilio huo ni dakika 20 mpaka 25. Ukianza na kuku, atapoa akikusubiri na atatoa maji yote kwenye sahani.

Usitie chumvi kwenye maji ya tambi. Sosi ya soya inatosha, na maji hayo hayo utayahitaji kwenye mchuzi. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Watu wengi husahau hapa, wakishamwaga ndipo wanakumbuka.

Kaka Mizani:

Mama, shikamoo. Vipimo ni vizuri ila "kikombe" si kipimo. Kuna vikombe vya mililita 150 na vya 300, na kwenye mchuzi huu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utakuwa mchuzi au supu. OM nao wamesema gramu.

Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga kina uzito wa gramu 16 hivi, kwa hiyo vinane ni kama gramu 130. Kijiko kikubwa cha majimaji ni mililita 15, sosi ya soya basi ni 60 na ndimu ni 30. Maji ya moto anza na mililita 150. Ya tambi weka akiba mililita 250.

Jambo la maji lielezwe vizuri kwa sababu ndipo mchuzi unapowashinda wengi. Siagi ya karanga ni mafuta yenye chembechembe za karanga ndani yake. Ukitia maji kidogo, zile chembe zinayanyonya na kushikana, na mchuzi unakaza kuwa donge gumu la rangi hafifu. Mtu akiona hivyo anadhani ameharibu, anaongeza mafuta, au anabandika motoni. Hajaharibu. Maji ni machache tu. Endelea kutia kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kwa uma, na baada ya vijiko vichache donge litafunguka ghafla na kuwa laini. Kuanzia hapo maji ndiyo yanayobeba mafuta, na mchuzi unakubali kuongezwa mpaka upate uzito unaoutaka.

Uzito unaofaa kabla ya kuchanganya ni kama mtindi wa kumimina. Utaonekana mwepesi mno. Uache hivyo hivyo, tambi za moto zitaunyonya ndani ya dakika mbili.

Na usiuchemshe. Mchuzi wa karanga uliochemka kwa nguvu unaachia mafuta juu na chembe zinakaa chini. Ukikuta umeshafika huko, ondoa motoni, tia vijiko viwili vya maji ya tambi, koroga kwa kasi. Wanga uliomo kwenye maji yale unasaidia kuyashika mafuta. Ndiyo sababu ya kuyaweka akiba, si kwa ajili ya kubana matumizi.

Mama Sufuria:

Marahaba. Sikusema popote achemshe.

Jirani wa Maabara:

Tumeingia kwenye kijiko na kikombe, dada aliuliza kipengele cha 4. Nijibu hilo.

Kinataka vyote vinavyoleta mzio, kwa hiyo "karanga" peke yake kweli haitoshi. Kwa vipimo vya Mama hapo juu, andika mistari minne: karanga, ngano, soya, ufuta. Ngano iko sehemu mbili, kwenye tambi na kwenye sosi ya soya ya kawaida, ambayo hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Ipo sosi isiyo na ngano, lakini lazima chupa iseme hivyo. Soma na pakiti ya tambi: baadhi zina mayai, na hapo unaongeza mstari wa tano. Ukitia sosi ya samaki, andika samaki. Ukitia sosi ya chaza, andika chaza.

Usiiandike karanga kwenye mstari wa korosho, lozi na jamaa zao. Karanga ni jamii ya kunde, inazaa ndani ya udongo, na fomu nyingi zina mstari wake peke yake. Ila geuza kopo la siagi: kama limeandikwa kwamba huenda lina mabaki ya korosho, lozi na jamaa zao, tia alama huko pia.

Kuna dhana inayorudi kila mara hapa jamvini kwamba karanga ikipikwa sana mzio unapungua. Si kweli. Protini zinazoleta mzio zinastahimili moto, na kukaanga karanga kavu kunaweza hata kuzifanya kali zaidi. Kwenye jiko la pamoja jambo la maana ni usafi: sabuni na maji juu ya meza, mwiko, kichujio na mpini wa kikaango. Ile jeli ya kusafishia mikono inaua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga. Osha mikono.

Kichujio kina mashimo mengi na karanga inajificha humo. Chujia tambi kabla hazijakutana na mchuzi na utakuwa umeondoa shida hiyo kabisa.

Msomaji Mkimya:

Kama kuna mgeni mwenye mzio, kwa nini asitumie siagi ya mbegu za alizeti? Inafanya kazi ile ile.

Jirani wa Maabara:

Karibu ile ile. Ni chungu kidogo, ongeza nusu kijiko cha sukari. Na isikutane na magadi ya kuokea, kwa sababu alizeti ikigusana na magadi hugeuka rangi ya kijani. Haina madhara, ila walaji watashtuka. Nasema hivi kwa sababu wapo humu wanaochemsha spageti kwenye maji ya magadi ili ziwe na mvuto kama tambi za mayai. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, na sufuria isijae, kwa sababu yanafura na kumwagika. Ukitumia njia hiyo baki na karanga.

Kaka Mizani:

Nirudi kwenye kuku, kipengele cha 6. Jibu ni nyuzi joto 74 za Selsiasi, zikipimwa katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Wino mwekundu huenda ni kwa sababu dada ameandika "ameiva". Andika namba.

Kidari kikate vipande vya unene wa nusu sentimita, ukikata kukatiza nyuzi za nyama. Ukikata kufuata nyuzi utapata vipande virefu vinavyotafunika kama kamba. Kwa kila gramu 500 changanya kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya, vijiko viwili vya chai vya konifulawa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Acha dakika 15. Konifulawa inaweka ngozi nyembamba inayozuia maji ya nyama yasitoke, na baadaye inaupa mchuzi mahali pa kushika. Sosi hiyo itoe kwenye zile mililita 60, usiongeze juu yake, vinginevyo chumvi itazidi.

Kikaango kiwe cha moto kabla ya nyama kuingia. Panga vipande safu moja visigusane, usiguse kwa dakika moja na nusu, geuza, dakika nyingine moja na nusu hadi mbili. Kwa watu wanane hiyo ni kilo moja: kaanga kwa awamu nne. Ukimimina kilo nzima kwa pamoja, kikaango kinapoa, maji yanatoka, na kuku anachemka katika maji yake mwenyewe. Anakuwa mweupe, mgumu, na hana ladha.

Mafuta ya ufuta yasiingie kikaangoni. Yale ya rangi ya kahawia yanaungua haraka, yanakuwa machungu, na king'ora cha moshi kitalia. Hayo ni ya mwishoni, kwenye bakuli la mchuzi.

Mama Sufuria:

Kwa watu wanane nisingetumia kidari. Kidari kikipita dakika moja tu kimekauka. Nyama ya paja inavumilia, hata ikifika nyuzi 80 na zaidi bado ni laini, na mtu anayekaanga awamu nne huku anaangalia tambi anahitaji nyama inayovumilia.

Na asioshe kuku kwenye sinki. Najua wengi tumelelewa hivyo, lakini maji yanarusha vijidudu mpaka kwenye sahani za wenzako. Futa kwa karatasi ya jikoni, inatosha, na karatasi itupe papo hapo.

Kaka Mizani:

Hapo kwenye paja nakubali.

Mzee wa Jamvi:

Nawasoma kwa raha. Ila hakuna aliyegusa shina la jambo hili. Fomu ya JP inapatikana kwa lugha kadhaa na Kiswahili hakimo. "Haijakamilika" nyingi ninazoziona hapa jamvini zinatoka kipengele cha 4 hicho hicho, kwa sababu neno lililotumika pale watu wanalielewa kuwa "kiungo kikuu" badala ya "vyote vinavyoleta mzio". Tuandike barua moja ya pamoja, si kila mtu kulalamika peke yake ghorofani kwake. Wanaokubali wajibu hapa chini.

Na harufu ya karanga zinapokaangwa ikipanda ngazi saa za jioni, ndugu zangu, mtu anasimama kwenye korido bila sababu. Hilo halina kipengele.

Msomaji Mkimya:

Naunga mkono barua.

Jirani wa Maabara:

Naunga mkono pia. Iwe na tafsiri iliyo tayari, wasije wakasema hawana wa kuifanya.

Kwa wanaosaga karanga wenyewe badala ya kununua kopo: chambua kwanza. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, usidhani kukaanga kutaisafisha. Sumu ya ukungu wa karanga haiishi kwa moto wa jikoni.

Dada wa Ghorofa ya Nne:

Ahsanteni sana. Kipengele cha 4 na cha 6 nimevijaza upya. Swali la pili bado liko pale pale: siku tano zinaanza upya au zinaendelea? Na kama zikianza upya na chakula kikasogezwa mpaka Jumapili mchana, ninaweza kupika Jumamosi nikaweka kwenye friji ya pamoja?

Kaka Mizani:

La friji naliweza. Weka vitatu hivi mbalimbali: tambi, kuku, mchuzi. Ukivichanganya usiku, asubuhi tambi zitakuwa zimekunywa mchuzi wote na utakuta keki. Tambi zisuuze kwa maji baridi, zipake kijiko kimoja cha mafuta zisishikane. Kuku mtandaze kwenye sahani pana apoe haraka, na aingie friji ndani ya saa mbili, nyuzi 4 au chini. Mchuzi utaganda kama udongo wa mfinyanzi, ni kawaida. Siku ya pili tia maji ya moto kijiko kwa kijiko kama mwanzo, utarudi. Kuku apashwe mpaka nyuzi 74 tena. Tambi zimwagie maji yanayochemka sekunde 30, chuja, changanya, pakua papo hapo.

La siku tano wajibu waliowahi kurudishiwa.

Mama Sufuria:

Mimi nasema apike siku hiyo hiyo. Na ndimu iingie mwisho kabisa, baada ya kupasha, kwa sababu harufu yake haidumu kwenye moto. Juu yake nyunyiza karanga zilizopondwa vipande vikubwa na tango lililokatwa nyuzi nyembamba. Tango likamue maji kwanza, vinginevyo utaongeza maji kwenye mchuzi ambao Kaka Mizani ameupima kwa mililita.

Mzee wa Jamvi:

Barua: mpaka sasa tuko watatu nikijihesabu. Nani mwingine?