Naomba ushauri: Roncalli na suala la Wayahudi kwenda Palestina

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua historia ya Kanisa. Naandaa mada kwa vijana wa parokia kuhusu Angelo Roncalli, yule aliyekuja kuwa Papa Yohane XXIII, ila nimekwama kwenye miaka yake ya udiplomasia.

Akiwa Istanbul wakati wa vita alishirikiana na Chaim Barlas wa Wakala wa Kiyahudi (Jewish Agency, chombo kilichoshughulikia uhamiaji wa Wayahudi kwenda Palestina), akasaidia wakimbizi wapite Uturuki waende Palestina, na hilo linajulikana sana. Lakini Septemba 1943 alimwandikia Kardinali Maglione, Katibu wa Nchi wa Vatican, kwamba wazo la kuwapeleka Wayahudi kule kama vile kuujenga upya ufalme wao linamtia wasiwasi. Yaani mkono unaokoa watu huku moyo una mashaka na Uzayuni wenyewe (harakati ya kuwapatia Wayahudi taifa lao Palestina), na kwangu hapo ndo penye uzito wote wa mada, sitaki kuupaka ukweli rangi.

Nimepitia nyaraka za vita zilizochapishwa na Vatican ila zinaishia 1945, na yeye wakati huo alishakuwa balozi wa Papa Paris, tena meli ya Exodus iliondoka Sète, Ufaransa hiyohiyo, Julai 1947 na wahamiaji wa Kiyahudi zaidi ya 4,500 waliotaka kufika Palestina.

Sasa naomba kujua, ile barua niisome kama imani yake binafsi au alikuwa anafuata msimamo wa Roma? Na kuna maandishi yake ya Paris kuhusu uhamiaji huo, hata kwa Kifaransa au Kiitaliano? Nitashukuru sana.