Wafamasia wachome chanjo madukani? Mimi naanza na watu wazima

Mleta mada (Mwanjelwa):
Wadau, salaam. Uingereza famasi za mtaani zinachoma chanjo ya mafua kwa gharama ya serikali tangu 2015. Marekani, kufikia 2009, majimbo yote 50 yalikuwa yamewaruhusu wafamasia kuchoma. Huku kwetu chanjo ni zahanati, kituo cha afya au hospitali. Je, wafamasia wetu nao wachome?

Mimi nasema wachome, ila watu wazima tu. Chukueni homa ya ini B. Mtu mzima anachomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Ya kwanza mtu anaiwahi kwa sababu kuna mtu amemtia hofu. Ya tatu ndiyo inayopotea. Mama anayeuza viazi sokoni hawezi kuacha meza saa nne asubuhi akapange foleni, lakini saa mbili usiku anapita famasi kuchukua dawa ya kikohozi. Amalizie hapohapo. Watoto wabaki kliniki, maana kule mtoto anapimwa na uzito, na mama anaulizwa maswali ambayo dukani hakuna wa kuyauliza.

Muuguzi (Rungwe):
Ndugu, kuchoma ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Shida ni kichupa na friji.

Surua-rubella inakuja kichupa cha dozi kumi. Ukishachanganya unga na maji yake, saa sita zikipita kilichobaki unamwaga. Ndiyo maana mnatununia tukisema “subirini watoto waongezeke”. Dukani akiletwa mtoto mmoja, dozi tisa zinakwenda na maji. Kwa hiyo la watoto tunakubaliana.

Friji sasa. Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8, na sisi tunaandika joto asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Watu wanaogopa joto tu. Chanjo ya homa ya ini au ya pepopunda ikiganda imeharibika, na ikishayeyuka unaweza kuitazama usione kitu. Friji ya duka inafunguliwa kila dakika kwa ajili ya maji ya kunywa, umeme ukirudi inapiga baridi mpaka vichupa vilivyogusa ukuta vinaganda. Nani atajua?

Mchangiaji (Mbalizi):
Nyie mnajadili friji. Cheti cha mfamasia kiko ukutani, mwenyewe yuko wapi? Sindano atashika binti wa kaunta.

Mfamasia (Iringa mjini):
Mkuu, umetugusa penyewe. Kukodisha vyeti kupo na kunatuaibisha sisi tunaoshinda dukani.

Ila tusichanganye famasi na duka la dawa muhimu. Yale yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini dawa za msingi zipatikane kwa watoa dawa wenye mafunzo mafupi, hao siwaongelei. Mfamasia kasoma shahada miaka minne, kisha mwaka mzima wa mazoezi kazini. Kuchoma atafundishwa. Kinachonitisha mimi ni mtu kupata mzio mkali akiwa mbele yangu. Adrenalini, dawa ya kuuzima mzio huo, iwe mezani kabla ya sindano ya kwanza, na aliyechomwa akae dakika 15 namwona. Zungukeni famasi za mjini muhesabu zenye hata benchi. Mteja anasimama kaunta, mgongo uko barabarani!

Mleta mada:
Sista, la friji nimekubali: ya chanjo peke yake, soda zitafute kwao. Na kwa ndugu wa Mbalizi naongeza sharti: mfamasia hayupo, siku hiyo hakuna sindano, hata kama mteja ametoka Chunya.

Muuguzi (Rungwe):
Haya. Mtu kachomwa ya kwanza Iringa, ya pili kaja kwangu mikono mitupu. Nimwandike ya ngapi?

Mfamasia (Iringa mjini):
Akiwa na kadi, Sista, unaendelea ulipoishia. Hata akichelewa miezi haanzi upya. Bila kadi wala daftari la kuangalia, unamwanzia moja, analipa tena na atatulaani wote. Kwa hiyo jina lake lifike halmashauri, lisiishie kwenye daftari la duka. Wenye maduka mko humu: mtapeleka ripoti kila mwezi bila kulipwa?